Chombo cha Msaji: Habari za Suhaili na Mashindano ya Mwaka 1968

Katika mwaka 1968 mabaharia tisa, kila mmoja peke yake chomboni, walitweka matanga kutoka pwani za Uingereza na Ireland wakikusudia kuizunguka dunia nzima pasi na kutia nanga bandarini, wala kupokea kwa mtu yeyote chakula, maji au hata kipande cha kamba. Na katika tisa hao ni mmoja tu aliyerudi mahali alipoondoka, naye alirudi katika chombo kidogo, kizito, na cha mwendo wa taratibu kuliko vingi vya wenzake. Jina la baharia huyo ni Robin Knox-Johnston, na jina la chombo ni Suhaili. Waliozieleza habari hizo aghalabu wamemtazama mtu, ushujaa wake na upweke wake, na hiyo ni haki yake ambayo hapana wa kumnyang'anya. Lakini sisi tuliozaliwa ukingoni mwa Bahari ya Hindi yatupasa tukitazame pia chombo kilichomchukua na kumrejesha, kwa sababu ni mwana wa bahari yetu, kilichoundwa na mafundi wa Bombay kwa tezo na keekee, zana zile zile ambazo babu zetu waliundia majahazi yao.

Knox-Johnston alizaliwa mwaka 1939, na tangu ujanani alikuwa ofisa katika meli za kampuni ya British India, ambayo wazee wetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam waliijua vyema, maana meli zake ndizo zilizochukua abiria, barua na bidhaa baina ya Bombay na Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. Alipotamani kuwa na chombo chake mwenyewe cha matanga aliagiza michoro kutoka Uingereza, na michoro iliyomfikia haikuwa ya chombo alichokitaka. Ilikuwa ya mtindo wa kale, uliobuniwa Marekani katika miaka ya 1920, wa chombo kifupi chenye tumbo pana, kilichochongoka omo na tezi, na chenye mkuku mrefu ukipitao chini toka mbele hata nyuma. Wakati ulikuwa ukipita na fedha hazikuwa nyingi, basi akaukubali. Mafundi wa Bombay wakakiunda kwa mbao za msaji, urefu wake futi 32, wakakisimamishia milingoti miwili, mkuu na wa galme, na mwaka 1964 kikashuliwa majini, kikapewa jina la upepo wa kusini-mashariki unaojulikana na mabaharia wa Ghuba.

Hapa sina budi kusimama kidogo juu ya mti wenyewe. Msaji umetukuzwa na waundaji wa vyombo katika bahari yetu tangu zama za kale, kwa kuwa mafuta yaliyomo ndani yake huikinga mbao isioze upesi kwa maji wala isipasuke ovyo kwa jua. Na kwa sababu Arabuni na Ghuba hakuna misitu ya miti mirefu, magogo yake yalisafirishwa kutoka pwani ya Malabari hata Sur na Kuwait, kama vile boriti za mikoko zilivyosafirishwa kutoka Lamu na Rufiji kwenda kuezekea nyumba za watu wasio na miti. Fundi anayeuchonga kwa tezo husimama juu ya gogo na kuuvuta ubapa wa chuma kuelekea miguu yake mwenyewe, pigo baada ya pigo, jicho likiwa ndilo kipimo. Na mwenziwe anayetoboa matundu ya misumari huizungusha keekee kwa kuuvuta na kuusukuma uta wake. Kazi zote mbili huenda polepole, na azifanyaye huwa ameupapasa kila ubao kwa kiganja chake kabla haujapigiliwa katika mataruma.

Mwezi Desemba 1965, kaskazi ikiwa imekwisha kushika, Suhaili kiliondoka Bombay na watu watatu ndani yake, Knox-Johnston, nduguye, na rafiki yao mmoja, kikaishika njia ambayo majahazi yameipita kwa karne nyingi, kwanza Maskati, kisha Mombasa, na kutoka hapo kikateremka kusini hata Durban, ambako fedha ziliwaishia mabaharia wake wakalazimika kuajiriwa nchi kavu kabla ya kuendelea. Sehemu ya mwisho, toka Cape Town hata London, walikwenda siku 74 bila kutua popote, na safari hiyo ilimfundisha mwenye chombo jambo ambalo hakuna mchoro unaoweza kulifundisha, nalo ni tabia ya chombo chenyewe: namna kinavyojitupa katika dhoruba, kiasi cha tanga kinachoweza kukichukua bila kukiumiza, na namna kinavyokaa katika njia yake, matanga yakipangwa sawasawa, hata mtu akiiacha kana bila kuishika.

Kuizunguka dunia peke yako halikuwa jambo jipya zama hizo. Joshua Slocum, mzaliwa wa Kanada aliyehamia Marekani, alikwisha kulitenda kati ya mwaka 1895 na 1898, katika chombo kikuukuu cha kuvulia chaza alichokiunda upya kwa mikono yake, lakini yeye alikuwa akitua bandari baada ya bandari, akipokewa na magavana na kuhutubia watu. Mwaka 1960 Waingereza walianzisha shindano la kuvuka Atlantiki kila mtu peke yake. Waliingia watano, akashinda Francis Chichester kwa siku 40. Chichester huyo huyo, umri wake umekaribia miaka 65, akaondoka Plymouth mwezi Agosti 1966, akatua Sydney tu katika dunia nzima, akarejea mwezi Mei 1967 akipokewa na umati mkubwa, na Malkia akamtunukia cheo cha heshima hadharani. Baada ya hapo likabaki jambo moja ambalo hakuna mwanadamu aliyelitenda, kuizunguka dunia bila kutua hata mara moja, na mabaharia kadhaa wakaanza kujiandaa, kila mmoja kwa siri yake.

Gazeti la Sunday Times la London, lilipoona kwamba watu hao watakwenda ama lipende ama lisipende, likatangaza mwezi Machi 1968 kuwa limewawekea zawadi mbili: tufe la dhahabu kwa atakayerejea wa kwanza, na pauni 5,000 kwa atakayekwenda kwa muda mfupi kuliko wote. Sharti lilikuwa kuondoka baina ya tarehe 1 Juni na 31 Oktoba, ili pasiwe na mtu atakayefika kusini ya dunia katikati ya kipupwe, na kuzipita rasi tatu, ya Tumaini Jema, ya Leeuwin na ya Horn. Mshindani hakutakiwa hata kujiandikisha, wala hakuna aliyevikagua vyombo vyao au kuupima ustadi wao. Jambo hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa kosa kubwa, na waliolilipia hawakuwa wenye gazeti.

Knox-Johnston hakutaka kwenda na Suhaili. Alikuwa na michoro ya chombo kirefu zaidi, cha chuma, akatafuta wa kumsaidia kwa fedha, akaandika barua nyingi, na kila mlango aliobisha ulibaki umefungwa; hata kukiuza Suhaili alijaribu, hakupata mnunuzi. Ndipo alipokitazama upya kile alichokuwa nacho. Tarehe 14 Juni 1968 akaondoka Falmouth, mtu wa miaka 29, na nyuma yake wangeondoka wengine wenye vyombo virefu na vyepesi zaidi, ambao kwa hesabu ya karatasi iliwapasa wampite kabla hajaiona Rasi ya Horn.

Mabaharia wetu wa musimu wamezoea upepo wenye ahadi: kaskazi huja, hukaa, huondoka, na baada ya maleleji huja kusi, na nahodha ajuaye kungojea hupelekwa na kurudishwa. Kule kusini ya latitudo ya 40 hapana cha kungojea. Upepo wa magharibi huvuma mwaka mzima na kuizunguka dunia ikiwa nchi kavu ya kuuzuia ni chache tu, kama vile ncha ya Amerika ya Kusini, na mawimbi unaoyasukuma kwa maelfu ya maili huinuka kimo cha nyumba ya ghorofa mbili na kupita. Chombo kilichoingia katika ukanda huo hakina bandari ya karibu ya kukimbilia, na ikiwa kimevunjika kitu, sharti kitengenezwe hapo hapo kwa kile kilichomo ndani.

Maisha katika chombo cha futi 32 huanza kwa hesabu ya tumbo. Chakula cha karibu mwaka mzima, nyama na samaki wa makopo, maharagwe, mchele, sukari, na vitunguu na viazi kwa miezi ya kwanza, hupakiwa chini ya vitanda, chini ya sakafu, na katika kila pembe, hata mwenye chombo hubaki na ujia mwembamba wa kumtoa ngazini na kumfikisha kwenye meza ya ramani. Wasafiri wa masafa wajua kwamba karatasi zilizobandikwa makoponi hubanduka zikipata maji ya chumvi na kuziba pampu, kwa hiyo huzitoa kabla ya safari, wakaandika kwa rangi juu ya bati kilichomo ndani yake, kisha wakalipaka vanishi lisiliwe na kutu. Maji matamu ya Suhaili yalikuwa katika matangi, na baada ya dhoruba za kwanza za kusini Knox-Johnston alikuta kwamba yameharibika. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukinga mvua itiririkayo tangani, akinywa majaliwa ya mawingu kwa miezi iliyobaki.

Hata kabla ya hapo, hakijatoka bado katika Atlantiki ya kaskazini, karibu na visiwa vya Cape Verde, chombo kilianza kuingiza maji ngamani kuliko ilivyo kawaida, na pampu ikamtaka kila siku zaidi ya jana yake. Akapiga mbizi, akaona kwamba ufa umefunguka baina ya mbao, kulia na kushoto, chini kabisa karibu na mkuku, usawa wa mlingoti mkuu. Dawa ya ugonjwa huo yajulikana na kila fundi wa pwani yetu: chombo hupwelewa, hutiwa kalafati ya pamba kwa patasi na nyundo, kisha hupakwa deheni na kurudishwa majini bamvua lijalo. Yeye hakuwa na pwani wala mtu wa kumpokeza nyundo. Alishuka tena na tena, pumzi moja kwa kila mara, akiisukumiza pamba ufani huku chombo kikipanda na kushuka juu ya kichwa chake, na pamba ikawa yatoka; akaishona katika ukanda wa turubai, akaupigilia ukanda huo kwa misumari midogo, na juu yake akaweka bamba jembamba la shaba lililosalia katika kazi ya kufunga redio. Katikati ya kazi hiyo akatokea papa akikizunguka chombo. Knox-Johnston akapanda sitahani, akakaa na bunduki mpaka samaki yule alipokaribia, akampiga, akangoja tena kutazama kama damu itawaleta wengine, na alipoona bahari imetulia akarudi majini kumaliza alichokianza.

Mwezi Septemba, kusini ya Rasi ya Tumaini Jema, wimbi likakilaza chombo ubavu, na kibanda cha juu ya sitaha kikatikisika katika viungo vyake hata akahofu kwamba wimbi la pili litakichukua na kuliacha tumbo la chombo wazi. Akakikaza kwa boliti na mbao. Redio yake ya kupelekea habari ikanyamaza isiseme tena. Mtambo wa kuelekeza usukani kwa nguvu ya upepo, uliokuwa ukimpa ruhusa ya kulala, ukaharibika kidogo kidogo, na alipokaribia mlango wa bahari baina ya Australia na Tasmania ukavunjika usitengenezeke, zikiwa zimebaki maili nyingi kuliko alizokwenda. Hapo ndipo mkuku ule mrefu wa mtindo wa kale, ambao vyombo vyepesi vya siku hizi vimeuacha, ulipolipa deni lake: akayapanga matanga ya mbele na ya galme yapimane, akaifunga kana kwa kamba, na Suhaili kikajiendea chenyewe, mwenyewe akiwa amelala na sikio lake limeelekezwa kwenye sauti ya upepo.

Nimezikusanya habari hizi za kuvunjika na kutengeneza kwa makusudi, kwa sababu katika hizo ndipo ninapouona ubaharia wenyewe, zaidi ya katika picha za mawimbi zipendwazo na magazeti. Ilipomlazimu kuirekebisha mashine ndogo ya kutia umeme katika betri, akakuta hana kipimo cha kupimia upenyo mwembamba uliotakiwa. Akachukua kitabu, akazihesabu kurasa zake, akaona kuwa kurasa 200 ni unene wa inchi moja, akajua kwa hesabu hiyo kwamba kurasa tatu ndizo unene anaoutafuta. Ilipomwishia risasi ya kulehemu, akaiyeyusha ile iliyo vitakoni mwa taa ndogo za akiba. Kuvumilia wengi waweza, hasa pale pasipo na mlango wa kutokea. Lakini kuvumilia huku akili ikiendelea kutafuta, nguo zi mbichi kwa miezi, mikono imepasuka kwa chumvi na usingizi ukikatwa vipande vipande, hiyo ni daraja nyingine, na ndiyo iliyomtenga mtu huyu na wenzake.

Siku za kawaida zilikuwa na utaratibu wake. Adhuhuri, jua lilipofikia kilele chake, hutoka na sekstanti kulipima kimo, na kimo hicho humpa latitudo. Kwa longitudo hana budi kuijua saa ya Greenwich barabara, maana kosa la sekunde nne hutosha kumpeleka maili nzima pembeni ya mahali alipo akiwa karibu na ikweta. Ni elimu ile ile ya falaki, ijapokuwa zana zimebadilika, ambayo Ahmad ibn Majid wa Julfar aliwaandikia manahodha wa bahari yetu katika karne ya 15. Baada ya hesabu huandika kitabu cha safari, hupika, hushona tanga lililochanika, hukagua kamba moja moja kutafuta iliyokwisha kulika, hufua maji ngamani, na jioni husoma kitabu mpaka usingizi umchukue. Yasemwa kwamba daktari wa maradhi ya akili alimchunguza kabla ya safari na baada yake, akamkuta mara zote mbili ni mtu mzima wa akili asiye na dosari.

Mwezi Novemba alifika Otago, New Zealand, chombo kikagusa mchanga karibu na mlango wa ghuba, akangoja maji yajae yakiinue bila msaada wa mtu. Mwandishi wa habari alimkaribia kwa mashua wakazungumza kwa sauti, kila mmoja katika chombo chake. Akapata habari za wenzake, lakini barua za nyumbani hakupewa, maana sharti lilihesabu hata karatasi kuwa ni msaada. Kisha akaelekea mashariki, na kwa muda wa zaidi ya miezi minne hapana aliyesikia neno lake. Tarehe 17 Januari 1969 aliipita Rasi ya Horn. Mwezi Aprili, karibu na Azores, aliionyesha taa meli ya mafuta iliyokuwa ikipita, na ndipo watu wake walipojua kwamba yu hai.

Wengine walikuwa wamekwisha kuanguka njiani mmoja baada ya mmoja. John Ridgway na Chay Blyth, ambao mwaka 1966 waliivuka Atlantiki kwa makasia, walitoka mapema, mmoja Brazil na mwingine Afrika Kusini. Bill King na Loïck Fougeron walivunjwa na dhoruba ya Atlantiki ya kusini. Alex Carozzo aliugua tumbo akatua Ureno. Bernard Moitessier, Mfaransa aliyezaliwa Hanoi na kujifunza bahari katika vyombo vya Indochina, na ambaye mwaka 1952 alivunjikiwa na chombo chake katika Bahari ya Hindi, kwenye kisiwa cha Diego Garcia, alikuwa na chombo cha chuma chenye mwendo kuliko Suhaili, akaipita Rasi ya Horn siku 19 tu nyuma yake ilhali aliondoka siku 69 baadaye. Zawadi ya fedha ilikuwa karibu mkononi mwake. Naye hakugeuza omo kuelekea kaskazini. Aliendelea mashariki, akaipita tena Rasi ya Tumaini Jema, na karibu na Cape Town akarusha kwa manati barua katika meli iliyopita, akisema kwamba aendelea kwa kuwa ana furaha baharini na pengine kwa kuiokoa roho yake. Alitia nanga Tahiti mwezi Juni 1969. Sina ulimi wa kumlaumu, wala simhesabu kuwa ameshindwa.

Habari za wawili waliosalia ni nzito. Nigel Tetley na Donald Crowhurst walikwenda katika trimarani, vyombo vyenye tumbo la kati na mengine mawili ubavuni, ambavyo mtu wa pwani atavifahamu upesi akiikumbuka ngalawa na matengo yake. Crowhurst, mfanyabiashara wa vyombo vya umeme, aliondoka tarehe 31 Oktoba, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, katika chombo ambacho hakijamalizika, akiwa ameifungamanisha biashara yake na safari hiyo hata kurudi nyuma kulimaanisha kufilisika. Alipotambua kwamba chombo chake hakitaiweza bahari ya kusini alibaki Atlantiki, akapeleka kwa redio habari za maili ambazo hakuzisafiri. Tetley, aliyekuwa ameizunguka dunia kwa kweli na yu njiani kurudi, akasikia kwamba nyuma yake yuko mwenye kasi kubwa. Akakilazimisha chombo chake kilichokwisha kuchoka, nacho kikavunjika karibu na Azores tarehe 21 Mei 1969, mwenyewe akaokolewa. Ukabaki uongo peke yake baharini, na wa kuubeba. Tarehe 10 Julai meli ya barua iliikuta trimarani ya Crowhurst ikielea tupu, vitabu vyake vya safari vikiwa wazi, mwenyewe hayumo, na mke na watoto wanne walikuwa wakimngoja nyumbani. Mimi siwezi kumsoma mtu huyo kama mwongo tu. Alikuwa mtu aliyenaswa baina ya deni na sifa, na waliomsukuma hawakuwa chomboni pamoja naye.

Knox-Johnston alirejea Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312 na maili 30,000 hivi za baharini, mwendo wa wastani wa maili nne tu kwa saa. Maofisa wa forodha walipanda chomboni kumwuliza, kwa desturi ya kazi yao, ametoka bandari gani, akawajibu kwamba ametoka Falmouth. Zawadi zote mbili zilikuwa zake, kwa kuwa hapana mwingine aliyefika. Na habari ya Crowhurst ilipojulikana akazitoa zile pauni 5,000 akawapa mjane na mayatima.

Tangu hapo mashindano ya bahari kuu yameongezeka. Mwaka 1973 yalianza yale ya Whitbread, ya vyombo vyenye mabaharia wengi wenye zamu na vituo vya kupumzikia, akashinda Ramón Carlín wa Mexico, na watu watatu walichukuliwa na bahari. Mwaka 1989 Wafaransa wakaanzisha Vendée Globe, ya mtu mmoja bila kutua, na mshindi wa mwisho wake, Charlie Dalin, aliizunguka dunia kwa siku 64 tu mnamo 2024 na 2025. Lakini mwaka 2018 walitokea waliotaka kwenda kwa namna ya kale, kwa sekstanti na karatasi, bila setelaiti ya kuwaonyesha njia, na mmoja wao alikuwa Abhilash Tomy, ofisa wa jeshi la majini la India, katika chombo Thuriya kilichoundwa Goa kwa mfano wa Suhaili. Mwezi Septemba dhoruba ilikipindua katika Bahari ya Hindi upande wa kusini, milingoti ikavunjika, naye akaumia uti wa mgongo, akalala bila kuweza kusimama hata alipochukuliwa siku tatu baadaye na meli ya Kifaransa iitwayo Osiris. Safari hiyo alishinda Jean-Luc Van Den Heede, mzee wa miaka 73, kwa siku 211. Tomy akapona, akarudi tena mwaka 2022, akawa wa pili, nyuma ya Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya peke yako ya kuizunguka dunia, ambaye katika safari hiyo hiyo aligeuza njia kumwokoa mwenzake aliyezamiwa na chombo.

Ama Suhaili, kiliwekwa kwa miaka kadhaa katika jumba la makumbusho la bahari la Greenwich, mahali pa heshima, chini ya paa na mbali na mawimbi. Na mbao zile zilizoizunguka dunia bila kuoza zikaanza kujikunja kwa hewa kavu ya ndani ya nyumba, mpaka mwenyewe akakitoa, akakitengeneza upya na kukirudisha majini. Mwezi Juni 2018, miaka 50 tangu safari yake, kilikuwa kikielea Falmouth mbele ya vyombo vipya, matanga juu.

Nami nina ombi kwa wasomaji walio karibu na Matondoni, Nungwi na kwingineko ambako majahazi bado yaundwa kwa mkono. Nendeni kwa wazee wa tezo mkiwa na daftari. Waulizeni majina yao na ya walimu wao, miti waliyoichagua na sababu ya kuichagua, namna ya kulipinda taruma na ya kuichanganya deheni, na vyombo walivyoviunda viliishia bandari zipi, mkayaandike hayo wangali hai wa kuyasema.